Silinda ya Tatu

Jioni ile Mama Gereji alikuwa anafunga kazi. Alishazifuta spana moja moja kwa tambara, akazipanga sandukuni kwa ukubwa kama marehemu mumewe alivyomzoesha. Alikuwa amebakiza kumwaga maji pale palipochuruzika oili, avute lango la mabati, halafu aingie chumbani kwake nyuma ya gereji akainjike sufuria.

Na hiyo sufuria ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko injini zote. Tangu mume afariki, hajapata kujua kupika chakula cha mtu mmoja. Kila siku anapima mchele, kila siku wali unazidi. Asubuhi anaula kiporo, mchana anaumalizia kwa kujilazimisha, jioni anapika mwingine mwingi vilevile. Mkono wake ulikataa kata kata kupunguza sehemu ya yule asiyekuwepo.

Binti yake wa pekee ameolewa mbali. Anapiga simu, hilo tusimsingizie, lakini simu za binti mwenye watoto wadogo mnazijua: mama hujambo, mama umekula, haya mama baadaye huyu analia. Simu ikikatika, nyumba inakuwa kimya kuliko kabla haijalia.

Basi alikuwa ameshika ndoo aliposikia gari linakuja.

Alilisikia kabla hajaliona.

Tu-tu-tu… kimya. Tu-tu-tu… kimya.

"Linamisi hilo," alisema kwa sauti, maana siku hizi alikuwa anaongea na kuta. Injini ya silinda nne, tatu zinavuta, moja imelala. Gari la namna hiyo hutembea kama mtu mwenye mwiba mguuni.

Likakata kona, likaingia. Ilikuwa pikapu ya zamani, ambayo rangi yake huenda ilikuwa bluu enzi za ujana wake, sasa imefifia kama majivu. Nyuma ilijaa vyungu na mitungi iliyofungiwa kwenye majani makavu. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya gari, kwa hiyo waliokaa mbele walionekana vivuli tu kwenye kioo: dereva, na mwenzake wa pembeni aliyeegemeza kichwa dirishani kama abiria aliyechoshwa na safari.

Mama Gereji alikuwa amechoka, lakini ni mtu wa watu. Akaweka ndoo chini, akatoa vigoda viwili.

Dereva akashuka. Mzee mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Hodi hapa, mama."

"Karibu mzee. Karibuni mkae. Mwambie na mwenzako ashuke anyooshe miguu."

Yule mzee akasimama palepale. Akavitazama vile vigoda, kimoja, kisha cha pili.

"Niko peke yangu," akasema.

Mama Gereji akageuka kulitazama gari. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Mto mdogo wa kukalia ulikuwa umewekwa juu yake, basi.

Macho ya jioni haya, akajiambia. Akarudisha kigoda kimoja ndani.

*

Mzee alieleza shida yake huku ameinamisha uso. Anauza vyungu, anazunguka minada yote ya huko na huko. Gari limeanza kumisi tangu mwaka jana. Linatetemeka kiasi kwamba akifika sokoni nusu ya mzigo ni vigae.

"Nimezunguka kwa mafundi mpaka nimechoka. Huyu anabadilisha plagi, yule anabadilisha waya, mwingine ananiambia nitafute injini nyingine. Wote wamekula ng'ombe mzima, wameshindwa mkia."

"Basi leo mkia umeletwa kwangu," Mama Gereji akacheka.

Mzee hakucheka.

Mama Gereji akafungua boneti. Niseme hapa kwamba huyu mama hakuwa fundi wa kubahatisha. Aliingia gereji akiwa mke wa fundi, kazi yake kumpa mumewe spana anayoitaka. Miaka ikaenda, akawa anampa spana kabla hajaitaka. Miaka ikaenda tena, ikawa mume ndiye anamuuliza, "Wewe unasikia nini hapo?" Mumewe alikuwa na msemo wake: injini haina miujiza, inataka mafuta, moto na pumzi, ikivipata vyote na isiwake, basi fundi ndiye mbovu.

"Liwashe, mzee."

Likawaka. Tu-tu-tu… kimya.

Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, injini ikanywea, akaurudisha. Wa pili, ikanywea. Wa tatu… hakuna kilichobadilika. Akaurudisha, akachomoa wa nne, ikanywea. Mgonjwa ameshapatikana: silinda ya tatu.

Akazima, akaitoa plagi yake. Ilikuwa imelowa petroli chapachapa. Kwa hiyo mafuta yanafika. Akaigusisha kwenye bati la injini, akamwambia mzee apige stata. Cheche ikaruka, ya bluu, kali, inayolia ta! ta! Kwa hiyo moto upo. Hata hivyo akaihamishia silinda ya kwanza na ya kwanza akaileta ya tatu. Ugonjwa haukuhama. Akabadilisha na waya. Ugonjwa ukabaki palepale, silinda ya tatu, kama mpangaji mkaidi.

Imebaki pumzi, akawaza.

Pumzi hupimwa kwa kidole. Unaziba tundu la plagi kwa dole gumba, mtu anapiga stata. Silinda ikiwa nzima, hewa inakisukuma kidole kwa nguvu mpaka kinatoka. Akaziba.

"Piga!"

Ikamsukuma vizuri. Pumzi ipo, tena ya kijana.

"Basi, acha."

Mzee akaachia ufunguo. Injini ikatulia. Mama Gereji alikuwa bado hajaondoa kidole, akili yake iko mbali, anawaza sasa hiki ni kitu gani.

Hapo akasikia.

Kitu kilimpuliza kidole.

Hakikusukuma. Kilipuliza… polepole… kama mtu anayepooza chai. Halafu kikavuta. Halafu kikapuliza tena.

Injini ilikuwa imezimwa. Chuma chote pale chini ya boneti kilikuwa cha moto, gari limetoka safarini, lakini ile hewa ilikuwa baridi.

Akatoa kidole kama aliyegusa nyoka. Akainama, akanusa. Badala ya petroli ilimjia harufu ya udongo uliolowa, uliochimbuliwa sasa hivi. Akajituliza: anauza vyungu huyu, lazima gari linuke udongo. Lakini moyo ulimkatalia. Vyungu vilivyokwisha kuchomwa havinuki udongo mbichi.

"Mzee," aliita.

"Naam."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Kuna kitu hujaniambia kuhusu gari hili?"

Yule mzee alikaa nyuma ya usukani, mikono ameiweka mapajani kama mtoto shuleni. Hakumtazama.

"Mama, wewe nitengenezee hiyo misi tu. Mengine yaache yalivyo."

*

Mtu mwingine angefunga boneti, amwambie mzee safari njema. Lakini fundi akishindwa na injini halali. Na tuseme kweli, ndani palikuwa pakimsubiri wali na kuta. Alitaka pakuche akiwa bado ana mtu wa kuzungumza naye, hata kama mtu mwenyewe ni mgumu kutoa neno.

Akalichukua gari kulijaribu barabarani, mzee akabaki gereji. Likamisi kwenda, likamisi kurudi. Kitu kimoja tu kilimsumbua: kila akikata kona, gari lililala upande wa abiria zaidi ya inavyopasa, kama kuna mzigo pale mbele. Akautazama ule mto. Katikati yake palikuwa na bonde.

Aliporudi akasema, "Nikiendesha mimi sisikii vizuri. Shika wewe usukani, mimi nikae pembeni nisikilize."

Mzee aliruka kama aliyechomwa.

"Hapana! Pale hapakaliwi."

"Kwa nini?"

"Kiti… kiti kimeisha. Springi zitakuchoma."

"Mzee wangu, mimi nimezaa. Springi zitanifanya nini?"

Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Hakuna njia nyingine?"

"Mafundi wote hao uliokwenda, kuna aliyepanda na wewe?"

Akatikisa kichwa.

"Basi ndiyo maana umekuja kwangu."

Mama Gereji akafungua mlango wa abiria, akausogeza mto, akakaa. Mzee akawasha.

Tu-tu-tu… kimya. Tu-tu-tu… tu.

Tu-tu-tu-tu. Tu-tu-tu-tu.

Silinda ya tatu ilikuwa inachoma. Boneti iliacha kutetemeka, kioo kikatulia, na kule nyuma vyungu viliacha kugongana. Waliingia barabarani, gari likiteleza kama limetoka kiwandani jana. Mashamba yaliyolimwa yalipita huku na huku, mwanga umebaki mstari mwembamba tu kule mwisho wa dunia.

"Umeona?" alisema Mama Gereji kwa furaha. "Umeona mzee? Ni uzito! Kuna waya mahali unagusa bati. Mtu akikaa hapa…"

Akanyamaza.

Kiti kilikuwa na joto.

Alipokaa alidhani ni joto la jua. Lakini jua lilikuwa limezama, na joto hili lilikuwa linazidi. Na lilikuwa na umbo. Lilipanda chini ya paja lake la kulia, na chini ya paja lake la kushoto, na katikati hakuna.

Hakuwa amekaa kwenye kiti.

Alikuwa amepakatwa.

Akamtazama mzee. Mzee ameng'ang'ania usukani, anatazama mbele tu, jasho linamtiririka, midomo inamcheza kama anayeomba.

Kisha kitu kikamgusa begani. Kidogo tu, kama kidevu cha mtu anayetaka kunong'ona. Ile harufu ya udongo uliolowa ikamjaa puani. Na pale nyuma ya sikio, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, sauti iliyochoka, isiyo na hasira hata kidogo:

"Mwambie aniache."

*

"Simamisha gari! Simamisha!"

Alishuka gari likiwa bado linajongea. Alisimama kando ya barabara. Alivyogusa tu ardhi, injini ikarudia ugonjwa wake. Tu-tu-tu… kimya.

Mzee akazima. Akashuka, akazunguka mbele ya gari, akamjia. Mama Gereji alitegemea akane, aulize kuna nini, ajitie hajui. Haikuwa hivyo.

"Amesema?" aliuliza. Macho yake yalikuwa yamemtoka. "Amesema na wewe? Amekwambia nini?"

"Mzee, huyo ni nani?"

"Mimi hajaniambia neno. Tangu nilipomrudisha hajaniambia hata neno moja. Namsemesha asubuhi, namsemesha jioni, namnunulia anachopenda… hasemi. Wewe amekuona leo tu." Akamshika mkono. "Amesemaje?"

"Amesema umwache."

Yule mzee alikaa chini palepale kwenye changarawe, mgongo ameuegemeza gurudumuni. Upepo ulipita mashambani, ukaacha baridi.

Ni mke wake, akaeleza. Walizunguka minada pamoja tangu wakiwa vijana. Mume anaendesha, mke amekaa pembeni anahesabu mashimo ya barabara na kumgombeza. Watoto hawakujaliwa. Nyumba yao ya kweli ilikuwa ni kile kiti kirefu cha mbele. Ugonjwa ulimchukua ghafla, wiki moja tu. Na mzee, usiku wa kuamkia mazishi, alikwenda kwa mtu anayejua mambo hayo, akaambiwa la kufanya. Akamkata msuko mmoja wa nywele, akauvika kufuli dogo, akaufunga kwa jina lake, akaushonea ndani ya kiti.

"Asubuhi nikawasha gari, nikamsikia amekaa. Sikugeuka. Niliambiwa nisigeuke. Lakini nilimsikia anavuta pumzi. Mama, nililia kwa furaha." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Baada ya muda ndiyo gari likaanza kumisi."

"Hiyo si misi, baba. Huyo anagonga mlango."

Mzee akaokota changarawe, akaitupa.

"Mfungulie."

"Nikimfungulia nitarudi nyumbani na nani?"

Mama Gereji alikuwa na majibu mengi ya kuwapa watu. Alishapewa yote yeye mwenyewe, siku za msiba, na hakuna hata moja lililomsaidia kupika chakula cha mtu mmoja.

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza tangu wakutane. "Wewe una mume?"

"Nilikuwa naye."

"Ungepewa hilo kufuli, ungefunga?"

Giza lilikuwa linaingia. Mahali fulani mbali mbwa alibweka mara moja, akanyamaza.

"Ningefunga," akasema Mama Gereji.

"Basi usinihukumu."

"Sikuhukumu. Lakini na mimi ningemsikia analia, ningefungua."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Mzee alilisoma hilo usoni pake, akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayegawa chakula chake cha mwisho.

"Yule mtu niliyemwendea bado yupo. Nyumba ya mwisho, njia ile ya machimbo ya udongo, ukifika njia panda unashika kulia. Hata aliyezikwa zamani anamwita. Haulizi maswali mengi. Nimekuonea huruma tu, mama. Nimeviona vigoda vyako viwili."

Mama Gereji alihisi nywele zinamsimama, na zaidi ya hofu alihisi kitu kingine ambacho hakukipenda. Alijikaza.

"Kiti kimepasuliwa wapi?"

*

Alichana uzi kwa kiwembe cha kukatia mipira. Ndani, katikati ya sponji na springi, mkono wake ukagusa kitu laini. Msuko wenye mvi, umekunjwa kama asinziavyo mtoto. Na kufuli, dogo kama la sanduku la shule, limeota kutu.

"Usilivunje," mzee alinong'ona. "Aliyefunga ndiye afungue. Akilivunja mwingine, aliyefungwa anamhamia."

Mama Gereji alikuwa na msumeno wa chuma nyuma ya gari, kati ya vifaa alivyobeba. Aliufikiria. Nakwambieni aliufikiria kwa kitambo kizuri. Sauti ile haikuwa mbaya. Ilikuwa sauti ya mtu unayeweza kukaa naye jikoni.

Kisha akamnyooshea mzee kufuli. "Fungua wewe. Ufunguo uko wapi?"

Mzee akafungua kifungo cha juu cha shati, halafu cha pili. Ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni kwa uzi. Akauingiza kwenye kufuli, akazungusha. Haukuzunguka. Akazungusha tena.

"Limekataa," akasema, na sauti yake ilikuwa nusu ya huzuni, nusu ya matumaini. "Umeona? Limekataa lenyewe."

"Limeota kutu. Lete hapa."

Akadondoshea tone la mafuta ya taa kwenye tundu, akaligongagonga kwa mpini wa bisibisi, akasubiri, akatia jingine. Akamrudishia mzee.

"Sasa. Polepole, usije ukaukata."

Mzee akafumba macho. Akaita jina, kwa sauti ya chini mno, jina analolijua kwa kulalia na kuamkia. Akazungusha.

Tik.

Hakuna kilichovuma, wala kilio. Kule nyuma chungu kimoja kililia chenyewe, tiiing, kama kimegongwa kwa ukucha. Na Mama Gereji, ambaye jicho lake la fundi halilali, akaona springi za upande wa abiria zinapanda. Kidogo tu. Kama gari linavyonyanyuka mtu mzima anaposhuka.

Wakabaki wamesimama. Harufu ya udongo ilipita katikati yao, ikaelekea mashambani, ikapotea.

"Washa," alisema Mama Gereji baada ya kitambo.

Likawaka. Tu-tu-tu-tu. Silinda nne zinaimba. Lilikuwa safi, safi kupita kiasi, halikuwa na hata lile tetemeko dogo ambalo kila gari la zamani linalo.

Mzee akamrudisha mpaka langoni. Mama Gereji alipotaka kushuka ndipo mzee alipogusa kile kiti kwa kiganja, pale alipokuwa akikaa mkewe, akapapasa.

"Mbona kuna baridi hivi," akasema.

"Lala hapa mzee. Nitakutandikia gereji. Kuna wali mwingi ndani, mimi siumalizi."

"Ahsante mama. Nimeshazoea kulala njiani."

Ndivyo walivyoagana. Mama Gereji alibaki ameshika lango la mabati, anasikiliza gari linavyoishia. Sauti ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, nzuri isiyo na dosari.

Halafu ikazimika.

Haikufifia kwa umbali. Ilizimwa.

Alisubiri iwake tena. Haikuwaka. Akachukua tochi, akatoka.

Pikapu aliikuta palepale waliposimama mwanzo, taa zinawaka, vyungu vyote vizima. Mlango wa dereva ulikuwa umefungwa. Wa abiria ulikuwa wazi. Kitini palikuwa na lile kufuli, limefunguka. Msuko haukuwepo.

Aliita. Aliita tena. Akashusha tochi chini.

Nyayo zilianzia mlango wa abiria, zikavuka mtaro, zikaingia shambani kwenye udongo uliotifuliwa. Zilikuwa za viatu vya mzee, hakuna nyingine pembeni. Lakini kando ya barabara zilikuwa nyepesi, za mtu mwembamba kama alivyokuwa. Baada ya mtaro zilididimia. Zilizama mpaka kifundoni, kisigino kimekita, hatua fupi fupi, kama mtu aliyebeba mtu mwingine mgongoni.

Mama Gereji akazifuata mpaka katikati ya shamba.

Hapo zikaisha.

Udongo mbele yake ulikuwa umelala sawasawa, haujaguswa na mguu.

*

Asubuhi walikuja askari, wakaja na wenye shamba. Walitafuta mtoni, wakatafuta vichakani, wakauliza minadani. Kila mahali mzee wa vyungu alijulikana, na kila mahali waliuliza swali moja: na mkewe je, hawakuwa pamoja? Wapo walioapa kwamba mwezi uliopita tu walimwona yule mama amekaa pembeni yake kama kawaida, ila siku hizi hasalimii.

Hakuna ndugu aliyejitokeza. Askari wakamwachia Mama Gereji pikapu iwe inasubiri mwenyewe. Inasubiri mpaka leo.

"Mama, uza hilo gari," binti yake alimwambia kwenye simu. "Linanipa hofu hata mimi niliye huku."

"Nitaliuza."

"Unasema hivyo kila siku. Haya, umekula?"

"Nimekula."

"Mama, baadaye, huyu analia."

Gari halijauzwa. Kila baada ya siku kadhaa Mama Gereji analiwasha, ili betri isife, ndivyo anavyowaambia majirani. Halimisi. Mwanzoni alikuwa analiacha lingurume uani tu. Baadaye akawa analizungusha barabarani kidogo, jua likianza kupoa. Hapandi na mtu, na hakuna anayeomba lifti.

Kisha siku moja akafika njia panda, ile ya machimbo ya udongo. Alisimama pale, injini inaimba silinda zote nne. Kushoto ni kurudi nyumbani. Kulia ni njia nyembamba iliyoota majani katikati, na mwisho wake, mbali, moshi wa ile nyumba ya mwisho. Akazima gari. Akakaa akisikiliza, kama kuna atakayemsemesha, kama kuna atakayemkataza. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu na baridi, na hakuna aliyesema neno.

Akawasha, akashika kushoto, akarudi kwake kuinjika sufuria.

Hiyo ilikuwa juzi.

Jana alikwenda tena.